Kifafa: usikatize dawa kwa sababu umejisikia vizuri

Kifafa ni nini?
Ni ugonjwa wa ubongo. Umeme wa ubongo unavurugika ghafla, mtu anaanguka, anakakamaa na kutikisika. Wengine wanaduwaa tu sekunde chache bila kuitika. Hauambukizi kwa mate, kwa povu wala kwa kumshika mgonjwa. Akiangukia babula, mtoe motoni papo hapo. Watu wanaungua hadi mifupa kwa sababu waliosimama kando waliogopa povu.

Dawa inafanya kazi gani?
Inazuia ubongo usivurugike, siku kwa siku, mradi iko mwilini. Kwa dawa inayofaa na dozi sahihi, hadi watu 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kuanguka. Katika vituo vya afya utakutana sana na fenobarbitali: bei yake ni nafuu na inamezwa mara moja kwa siku, usiku. Mtu mzima huanza na miligramu 60 hivi, kisha munganga (daktari) anapandisha kidogo kidogo; mtoto anapimwa kilo kwanza. Karbamazepini, dawa nyingine ya kifafa, inamezwa asubuhi na jioni.

Fenobarbitali inahitaji wiki 2 au 3 ili ifikie kiwango chake kwenye damu. Ukianguka siku ya 5, usiseme dawa imeshindwa. Usingizi wa siku za kwanza nao hupungua. Lakini ukitoka vipele mwilini au vidonda mdomoni, rudi kwa munganga siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kwenye fishi (kadi yako ya kliniki).

Munganga, mtoto wangu ana miezi minne hajaanguka. Si nimpumzishe dawa?
Hapana, mama. Hajaanguka kwa sababu anameza. Ukiacha, kifafa kinaweza kurudi.

Hata nikimpunguzia nusu tu?
Hapana. Kupunguza ni kazi ya munganga. Anaanza kufikiria jambo hilo baada ya miaka 2 bila kuanguka hata mara moja, na hata hapo dozi inashushwa polepole kwa miezi. Wengine watameza maisha yao yote, na wanasoma, wanaoa, wanafanya biashara Kadutu, hapa Bukavu, kama wenzao.

Na tukiingia maombi ya kufunga siku tatu?
Ombeni, na dawa imezwe. Kidonge cha usiku kinahitaji maji ya kunywa kidogo tu. Ubongo uliozoea fenobarbitali ukinyimwa ghafla, mtu anaweza kuanguka mara nyingi mfululizo bila kuzinduka katikati. Hali hiyo inaua, na anayepona anaweza kubaki na ubongo ulioharibika. Wagonjwa wanaletwa hivyo kutoka vyumba vya maombi, wakiwa wamelala chini tangu usiku huku familia ikikemea pepo. Anayekuamuru utupe vidonge ili uonyeshe imani anacheza na uhai wako. Tunasema kwa heshima, lakini tunasema wazi: usikatize dawa.

Nikisahau dozi moja?
Meza ukikumbuka. Ikiwa saa ya dozi nyingine imekaribia, meza hiyo peke yake. Usimeze mbili pamoja.

Vidonge vikiisha?
Visiishe. Vikibaki vya siku 7, nenda ukachukue vingine, hasa wewe unayetoka kisiwa cha Idjwi kwa mtumbwi au unayekaa mahali ambapo barabara hufungwa. Ukinunua farmasi, soma miligramu kwenye boksi lenyewe, si kwenye kifuko walichokufungia. Fenobarbitali iko ya miligramu 50 na ya 100. Aliyezoea kidonge kimoja cha 100 akauziwa cha 50, anameza nusu ya dozi bila kujua. Wiki chache baadaye anaanguka, na nyumba nzima inasema amerogwa tena. Beba boksi la zamani ukalinganishe.

Kasiksi (pombe ya ndizi) kidogo?
Acha. Pombe inaamsha kifafa, na ikichanganyika na fenobarbitali inaweza kupunguza pumzi. Kuoga ziwani peke yako pia acha.

Mimi ni binti, nataka kuzaa.
Mwambie munganga kabla ya mimba. Valproati, nayo ni dawa ya kifafa, inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Wasichana na wanawake wanaoweza kuzaa watafutiwe dawa nyingine. Fenobarbitali na karbamazepini nazo zinadhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango. Ukigundua una mimba tayari, nenda kituoni haraka, lakini dawa usiikatize mwenyewe. Kuanguka kunaweza kuumiza wewe na mtoto.

Akianguka mbele yangu nifanye nini?
Angalia saa. Ondoa vitu vigumu karibu yake, weka nguo laini chini ya kichwa, na mtikisiko ukipungua mgeuze ubavu. Usimtie kijiko, kitambaa, maji wala dawa mdomoni. Usimkandamize. Zikipita dakika 5 bado anatikisika, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, mpelekeni hospitali kwa motari au gari lolote lililo karibu. Bebeni na boksi la dawa yake, ili munganga ajue anameza nini na tangu lini amekatiza.