"Hivi bado hamjaimaliza tu?" Dhana potofu kuhusu programu ya simu inayotengenezwa Tanga

Ukiwaambia watu wa Tanga kwamba kazi yako ni kutengeneza programu za simu, wapo watakaokuuliza kama unaweza kuwafungulia simu iliyojifunga kwa paterni, na wapo watakaotaka kujua umeshatajirika au bado. Sisi tuko wanne, Ngamiani, na programu yetu inafanya kazi ambayo daftari la kaunta limeifanya tangu enzi: kuandika madeni ya wateja wa maduka ya rejareja. Haya ndiyo tunayoambiwa sana, na hivi ndivyo mambo yalivyo.

"Mkishaiweka Play Store, kilichobaki ni kuhesabu hela"

Hapo ndipo kazi inapoanza. Programu ya Android isipoguswa hufa taratibu hata kama haina kosa lolote. Kila mwaka, kwa kawaida ifikapo tarehe 31 Agosti, Google hupandisha kiwango cha chini cha toleo la Android ambalo programu zinatakiwa kulilenga. Programu iliyolala muda mrefu itaendelea kufanya kazi kwa aliye nayo, lakini mwenye simu yenye Android mpya akiitafuta haioni. Ndivyo inavyotokea mwenye duka wa Makorora akamsifia mwenzake wa Chumbageni programu fulani, mwenzake akaitafuta asiipate, akaondoka akiamini ni mambo ya matapeli.

Kwa upande wa iPhone kuna ada ya dola 99 kila mwaka, na usipoilipa programu yako huondolewa dukani kwa Apple. Google hutoza dola 25 mara moja tu. Ila timu za kwetu hazianzi na Android kwa sababu ya ada hiyo peke yake. Pita Ngamiani barabara kwa barabara uangalie simu zilizo mikononi mwa watu: Tecno, itel, Infinix, zote za Android.

"Kuipandisha ni dakika tano"

Kupakia faili, sawa. Lakini kwa akaunti binafsi zilizofunguliwa kuanzia katikati ya Novemba 2023, Google inataka programu ijaribiwe kwanza na watu halisi kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa watu 20, na tangu Desemba 2024 ni 12. Kuwapata watu 12 Tanga si shida, baraza moja la kahawa linawatosheleza. Shida ni kuwafanya wasijitoe, maana siku ya tano mmoja atahitaji nafasi ya video za harusi, na cha kwanza kufutwa ni programu ya majaribio. Akaunti ya kampuni haina sharti hilo, ila ina mlolongo wake wa uthibitisho.

"Kosa mkiliona leo, kesho limeisha kwa kila mtu"

Hii ndiyo dhana inayotuletea simu nyingi za lawama, kwa hiyo niieleze kwa kirefu.

Kurekebisha msimbo wenyewe, yaani maandishi yanayoiendesha programu, kunaweza kuchukua nusu saa. Baada ya hapo toleo jipya hupitia ukaguzi wa Google, ambao unaweza kwenda saa chache au siku kadhaa. Likishatoka bado halijafika kwa mteja, kwa sababu mwenye duka hasasishi ovyo: bando lake ni la WhatsApp na la kupokea malipo. Play Store nyingi zimewekwa zisasishe zenyewe penye Wi-Fi tu, na duka la Ngamiani halina Wi-Fi. Matokeo yake, kwa wakati mmoja mitaani yanaishi matoleo matatu au manne ya programu ileile, na seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayopokea na kutunza kumbukumbu za simu zote, inatakiwa iyaelewe yote. Anayebadilisha kitu kwenye seva kwa kulifikiria toleo la leo peke yake atawakatia wateja wa toleo la mwezi wa tatu bila kujua.

Tena hakuna kurudi nyuma. Toleo jipya likiwa bovu, huwezi kulivua kwenye simu za watu ukawarudishia la zamani. Utachukua ule msimbo wa zamani uliokuwa mzima, uupe namba kubwa zaidi, uutoe upya kana kwamba ni toleo jipya. Ndiyo maana wenye busara hutoa toleo kidogo kidogo: asilimia 5 ya watumiaji, unasubiri, unaangalia, kisha 20, kisha wote. Mambo yakiharibika kwenye zile asilimia 5, unasimamisha, na lawama zinabaki za wachache.

Cha kuangalia nacho kipo. Google inawaonyesha watengenezaji ni watumiaji wangapi kwa siku wamezimikiwa na programu ghafla na wangapi imewagandia. Ukipita asilimia 1.09 kwa kuzimika au 0.47 kwa kuganda, programu inaweza kupunguziwa nafasi ya kuonekana kwenye utafutaji. Ukiwa na watumiaji wachache, watu wawili tu wenye simu zilizojaa wanaweza kukuvusha mstari huo.

"Hilo ni la mtandao, programu haina lawama"

Utetezi huu nausikia kwa mafundi wenzangu, si kwa wateja. Mtandao wa kukatika tunaujua na umeme wa kukatika tunaujua. Programu inayotengenezwa hapa ikishangaa mtandao kukatika, basi haikutengenezwa kwa ajili ya hapa.

Chukua tukio la kawaida kabisa. Mke wa mwenye duka yuko kaunta, anaandika deni la kilo moja ya sukari, anabonyeza "hifadhi". Duara linazunguka. Anabonyeza tena. Mtandao ukirudi, mteja anadaiwa kilo mbili. Kwa fundi hiyo ni hitilafu ndogo, kwa dukani ni ugomvi wa majirani, na wa kuambiwa "unaniandikia madeni ya uongo" ni mwenye duka, si sisi. Dawa yake inajulikana, ila inataka kufikiriwa mapema. Mtu akifungua fomu, deni linapewa namba yake ya pekee palepale kwenye simu, kabla halijatumwa popote. Linahifadhiwa kwenye simu kwanza, kazi inaendelea, na mtandao ukipatikana linapelekwa. Seva ikiiona namba ileile mara ya pili, hailiandiki tena. Aliye kaunta anaweza kubonyeza mara kumi, deni likabaki moja.

"Ongezeni mambo mengi, ndiyo itapendwa"

Tulikaa nyuma ya kaunta ya mama mmoja, Barabara ya 12. Mkono mmoja unapima unga, mwingine umeshika simu iliyopasuka kioo pembeni, na kidole gumba ndicho kinachofanya kazi yote. Programu nyingi za aina hii humdai ajaze jina la kwanza la mteja, la ukoo, na namba ya simu. Wateja wa mama huyu ni Mama Zuhura wa juu, fundi baiskeli, na yule kijana wa Pangani. Majina ya ukoo hayajui wala hataki kuyauliza, kwa sababu ukimwuliza jirani wa miaka yote jina la ukoo wake siku anayokopa, maana yake umeanza kumshuku. Programu yetu inataka jina moja, lolote lile, na kiasi. Basi. Anayetaka namba ya simu ataiweka siku akiipata.

Maombi ya nyongeza hayaishi: grafu, rangi, kalenda, matangazo. Swali linalosaidia kuchuja ni moja: "Mara ya mwisho ulikihitaji hicho lini?" Wengi hucheka. Wachache hutaja siku na mtu, na hao ndio wa kusikilizwa. Kila nyongeza ina uzito wake, na kwenye simu ya GB 16 uzito huo unashindana na picha za watoto. Tangu Agosti 2021 Google inataka programu mpya zipelekwe kwa mfumo unaoiwezesha kila simu kupakua sehemu inayoihusu tu. Hilo limesaidia, ila halimwokoi anayejaza kila kitu.

Instagram yenyewe ilitokana na programu iliyoitwa Burbn, iliyokuwa na mambo mengi. Waanzilishi wake waliyakata, wakabaki na picha. Facebook ilipotangaza kuinunua kwa dola bilioni 1, Aprili 2012, ilikuwa na wafanyakazi 13. Kwa hiyo wanaotuambia "watu wanne hamwezi kitu, nendeni Dar" hawajatazama vizuri, ingawa nao wahamasishaji wa semina husahau kusema kwamba wale 13 walikuwa na wawekezaji nyuma yao. Sisi tuna baiskeli, na mteja wetu wa mbali zaidi mjini hafiki nusu saa.

"Nyota moja zimeshatumaliza"

Hapana. Tangu 2019 Google inazipa uzito zaidi tathmini za karibuni kuliko za zamani, na mtengenezaji anaruhusiwa kuwajibu wateja hadharani. Aliyetoa nyota moja anaweza kuibadilisha baada ya kujibiwa na kurekebishiwa. Kununua nyota ni marufuku, na haziwadanganyi wengi: sifa ishirini zinazofanana, zote za siku moja!

"Zinasoma meseji zetu zote"

Hofu hii siicheki. Watu wameona namba za ndugu zao zikipigiwa na wakopeshaji wa mtandaoni, na mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa ya mikopo yanayofanya kazi bila leseni. Lakini programu haiingii kwenye meseji bila ruhusa. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, ruhusa nyeti huombwa wakati wa matumizi, na unaweza kukataa au kuiondoa baadaye kwenye mipangilio. Daftari la madeni halina haja ya meseji zako wala majina yote ya kwenye simu. Likiyaomba, likatalie.

Nchi pia ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, pamoja na Tume yake, na taarifa za nani anadaiwa nini dukani nazo zimo. Kisichojulikana na wengi ni kwamba kuifuta programu kwenye simu hakufuti kilichoko kwenye seva. Google inazitaka programu zenye akaunti ziweke njia ya kuomba akaunti ifutwe. Mwenye duka anayetaka kuuza simu yake, au aliyeamua kurudi kwenye daftari la karatasi, aombe hilo kwanza, asubiri athibitishiwe, ndipo aifute programu.