Karne ya Fedheha: maana yake katika siasa za China

Karne ya Fedheha ni jina ambalo Wachina hukiita kipindi cha kuanzia Vita vya Kwanza vya Afyuni, mwaka 1839, hadi Mao Zedong, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti, alipotangaza Jamhuri ya Watu wa China tarehe 1 Oktoba 1949. Katika miaka hiyo Uingereza, Ufaransa, Urusi, Japani na mataifa mengine yaliilazimisha China, mara nyingi baada ya kuishinda vitani, kutia saini mikataba ambayo isingeikubali kwa hiari.

Mfano mkuu ni Mkataba wa Nanjing wa mwaka 1842. Kamishna Lin Zexu, aliyetumwa na mfalme wa China kukomesha biashara ya afyuni, alikuwa ameteketeza huko Humen, kusini mwa China, maelfu ya masanduku ya afyuni ya wafanyabiashara wa Kiingereza. Uingereza ikaleta manowari, na vita vilipokwisha China iliachia kisiwa cha Hong Kong, ikafungua bandari tano na kulipa dola za fedha milioni 21, zikiwemo milioni 6 za kufidia afyuni ile ile iliyoteketezwa. Baadaye Mwingereza aliyetenda kosa Shanghai hakuhukumiwa na hakimu wa Kichina, bali na konseli, yaani mwakilishi wa serikali ya nchi yake. Lakini kwa maoni yangu jambo zito zaidi ni lile lisilotajwa sana, yaani ushuru wa forodha: ulipangwa kwa makubaliano na wageni, ukawa takriban asilimia 5, na China haikuweza kuupandisha kwa uamuzi wake yenyewe hadi ilipoanza kurudishiwa mamlaka hayo mwaka 1928. Kwa hiyo Marekani ilipoongeza ushuru kwa bidhaa za China mwaka 2018, wapo Wachina walioyalinganisha madai ya kibiashara ya Washington na mikataba ile ya zamani.

Taiwan nayo imo katika hesabu hiyo, kwa kuwa ilitwaliwa na Japani kwa Mkataba wa Shimonoseki wa mwaka 1895. Hong Kong ilirudi mwaka 1997. Taiwan, kwa mtazamo wa Beijing, ndilo deni lililosalia.

Fedheha hiyo ilikuwa ya kweli, na asiyeijua hawezi kuielewa China ya leo. Hata hivyo, mipaka ya kipindi hicho imechorwa kisiasa. Uingereza na Marekani ziliacha haki ya kuwahukumu raia wao nchini China mwaka 1943, wakati wa Chiang Kai-shek, aliyeitawala China kabla ya Wakomunisti, na Japani ilisalimu amri mwaka 1945. Kuusogeza mwisho hadi 1949 ni kukipa Chama cha Kikomunisti sifa yote ya ukombozi. Uasi wa Taiping wa 1850 hadi 1864, ambamo Wachina waliuana kwa mamilioni, haupewi uzito kama uvamizi wa wageni, na njaa kubwa ya 1959 hadi 1961, iliyosababishwa hasa na sera za chama hicho hicho, imeangukia nje kabisa ya karne hiyo.