Presha na moyo unaokwenda ovyo: maswali ya kliniki

Moyo kwenda ovyo ni nini?
Vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu. Ukijipima kwenye kifundo cha mkono, pigo moja linawahi, jingine linachelewa. Presha ya miaka mingi hutanua vyumba hivyo, ndiyo maana tatizo hurudi.

Moyo umetulia wiki kadhaa sasa. Niache dawa?
Hapana. Umetulia kwa sababu unameza dawa.

Hata ya kuzuia damu kuganda?
Hiyo ndiyo usiiguse kabisa! Damu ikituama vyumbani humo huganda, na bonge likichomoka huenda kwenye ubongo. Hicho ni kiharusi. Hatari yake ni karibu mara 5 ya mtu asiye na tatizo hili, na presha inaizidisha. Moyo unaweza kwenda ovyo usiku umelala, usihisi chochote. Tunapokea wagonjwa waliopooza upande mmoja, ndugu wanatoa kwenye mfuko pakiti ya warfarin, dawa hiyo ya kuzuia damu kuganda, iliyojaa vidonge: "Alisema amepona." Hakupona. Mapigo yalitulia tu. Usiache dawa mpaka daktari wako aseme.

Si nimeze aspirini tu?
Aspirini haizuii kiharusi hiki vya kutosha, na bado inaweza kukutoa damu tumboni.

Nimechoka kupimwa damu kwa ajili ya warfarin.
Kipimo hicho, INR, kinaonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda; kwa wengi kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Apixaban na rivaroxaban, dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, hazikihitaji, muulize daktari. Mwenye valvu ya chuma moyoni abaki na warfarin.

Namba ya juu 150 ndiyo presha yangu ya kawaida.
Umeizoea, lakini inakuumiza. Kwa wengi tunataka chini ya 130/80. Presha ikibaki juu, bisoprolol, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, peke yake haitauweza moyo huo. Punguza chumvi, acha pombe.

Diclofenac, dawa ya maumivu ya magoti, je?
Jamani, acheni kuinunua dukani kiholela. Inapandisha presha, na ukiichanganya na warfarin unaweza kuvuja damu tumboni.

Mdomo umepinda ghafla usiku. Tusubiri kuche?
Msisubiri, huenda ni kiharusi. Msianze kumchua mafuta wala kumpa chochote mdomoni. Dawa ya kuyeyusha bonge, kwa hospitali zinazoitoa, huanza kutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya CT ya ubongo. Mpelekeni saa hiyo hiyo, mkiwa na dawa zake zote, na mseme alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi.