Eti zabibu ni zao la baridi?

Hii ya kusema zabibu inataka baridi kama Ulaya watu wanairudia miaka nenda rudi, wakati Dodoma, kule kukavu kabisa, mvua ni kati ya Desemba na Aprili tu, zabibu inavunwa mara 2 kwa mwaka, karibu na Machi halafu tena Agosti–Septemba. Ulaya mzabibu unalala winta, baridi ndo inaulazimisha. Dodoma hakuna winta ya hivyo, mti haulali, kwa hiyo kazi hiyo inafanywa na mkasi: mkulima anapogoa, matawi yanachipua upya na maua yanakuja, yaani yeye ndo anapanga msimu (mi naona huo ndo ujanja wenyewe). Tena ukavu unasaidia, maana ugonjwa wa ukungu unapenda majani yenye unyevu, mvua ikikukuta zabibu zinaiva ndo balaa. Pia Dodoma iko juu, kama mita 1,100 hivi, usiku joto linashuka. Ila maji lazima, msimu wa kiangazi bila dripu (umwagiliaji wa matone) au kisima usijidanganye, hapo wengi ndo wanapokwama.