Kwa nini "mama" ni "mama" hata Uchina

Mchina humwita mama yake "mama" na baba yake "baba"; kinachotofautiana na Kiswahili ni toni tu, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Wengi wakisikia hivyo huanza kutafuta undugu wa lugha, au mabaharia wa kale walioyabeba maneno haya. Lakini Kiswahili na Kichina havina undugu, wala "mama" halikuja na jahazi kama lilivyokuja "chai".

Chanzo ni kinywa cha mtoto. Mtazame mtoto wa miezi 7 hivi aliyekalishwa mkekani: anafumba midomo, anaiachia, na sauti zinafuatana, ba-ba-ba, ma-ma-ma. Kwa b, p na m midomo inatosha, ulimi haujahitajika bado. Na a ni kuachama tu. Wakati huo hamwiti mtu yeyote. Wazazi ndio wanaosikia jina lao, wanaitika kwa furaha, na kwa kuitikiwa mtoto anajifunza kwamba sauti ile huleta mtu.

Ila kwa nini m iangukie kwa mama mara nyingi hivyo? Mwaka 1959 mwanaisimu Roman Jakobson alilieleza hilo akitumia maneno 1,072 ya "mama" na "baba" yaliyokusanywa kutoka lugha mbalimbali na mwanaanthropolojia George Peter Murdock. Sauti za puani, kama m na n, zilikuwamo katika asilimia 55 ya maneno ya mama, na asilimia 15 tu ya yale ya baba. Mtoto anaponyonya midomo imezibwa na titi, kwa hiyo sauti inapitia puani: mmm. Baadaye huitoa hata akiliona tu titi, au akitaka chakula. Nami naona ushahidi mzuri uko kwenye Kilatini, ambako *mamma* ni titi. Ndiko tulikopata "mamalia", wanyama wanaonyonyesha.

Hata hivyo, maana hupangwa na wakubwa. Kijojia, lugha ya Georgia, "mama" ni baba, na mama ni "deda". Kirusi, "baba" ni mwanamke au bibi. Sisi "dada" tumempa ndugu wa kike, ilhali Mnyarwanda akisema "data" anamtaja baba yake.

Ndiyo maana wanaisimu hawategemei maneno haya kupima undugu wa lugha. Huanzia kwa neno kama "mtu", ambalo ni "umuntu" kwa Kinyarwanda na Kizulu, na "omuntu" kwa Kiganda.