Trixie na Twilight: yale watu wanayokosea kuhusu uchawi wao

Tangu 2010 Trixie alipotokea kwenye My Little Pony: Friendship Is Magic, katuni ya farasi wadogo wanaoongea, watu wanabishana kati yake na Twilight Sparkle, shujaa wa katuni hiyo, wote wenye pembe ya uchawi, nani mkali, na wengi wanakosea palepale kila siku. Mimi hawa wawili nawapenda wote, kwa hiyo inaniuma wakisemwa sivyo.

Dhana: Trixie hajui kitu, ni mdomo tu.

Ukweli: epi yake ya kwanza alikuja kufanya shoo Ponyville, mji wa Twilight, na alichodanganya ni stori ya kumshinda Ursa Major, dubu mkubwa sana, basi. Uchawi wa jukwaani ulikuwa wa kweli kabisa. Marafiki wa Twilight wakampinga: Applejack kaja na kamba yake, Trixie kaifanya icheze kama nyoka halafu ikamfunga mwenyewe, na tufaha mdomoni juu. Rainbow Dash kachapwa radi na kiwingu kidogo, Rarity kageuzwa nywele kijani, na hapo kwa Rarity ndo uone akili yake, kamgusa yule anayejali urembo kuliko wote pale anapoumia. Shida yake ni kwamba dubu alipokuja kweli alirudia yaleyale, kamba na kiwingu, dubu akazidi kukasirika. Trixie anajua watazamaji, dubu hajui kutazama shoo.

Dhana: Twilight alishinda kwa sababu ana nguvu nyingi.

Ukweli: nguvu anazo, siwezi kubisha, mwanzo wa epi ile Spike, msaidizi wake, anamhesabia mbinu 25. Ila aliposikia yale majigambo yeye alikaa akasoma habari za Ursa, ndo maana akajua yule ni Ursa Minor, mtoto tu, na hakupigana naye hata kidogo. Alipitisha upepo kwenye matete ukatoa wimbo wa kubembeleza, akang'oa tangi la maji akalijaza maziwa ya ng'ombe, mtoto akanyonya huku anaelea kurudishwa pangoni, na Twilight anajikaza mpaka unamwonea huruma. Yani alimlea.

Dhana: kwenye pambano la pili alishinda kwa uchawi mkubwa zaidi.

Ukweli: hii ndo inanikera zaidi. Msimu wa 3 Trixie karudi na Hirizi ya Alicorn, inampa nguvu huku inamharibu roho, na Twilight alishindwa kihalali, uchawi wa kubadili umri ulimgomea akafukuzwa Ponyville. Akaenda kwa rafiki yake Zecora, pundamilia, akarudi na hirizi feki, akawafanya Applejack na Rarity wawe watoto, kumbe wale ni wadogo zao, Apple Bloom na Sweetie Belle! Hirizi ya kweli haivuliki ila na aliyeivaa, kwa hiyo ilibidi Trixie adanganyike aivue mwenyewe, na ikawa hivyo. Sasa hayo si mazingaombwe? Twilight alimshinda Trixie kwa fani ya Trixie mwenyewe, na sijui kwa nini watu hawalisemi hili.

Dhana: Twilight ana roho nzuri, Trixie mbaya.

Ukweli: Trixie ana kiburi, sawa, lakini baada ya uongo wake kujulikana alichekwa kila alikopita mpaka akaishia kufanya kazi shamba la mawe ili aishi. Twilight naye ana mapungufu yake, aliogopa kuonekana anaringa akaficha kipaji mpaka mji ukakaribia kubomolewa, na msimu wa 6 alimtilia shaka Trixie hata pale Starlight, mwanafunzi wake, alipokuwa anapata rafiki wa kweli kwa Trixie. Mwisho wa msimu huohuo, Twilight na wenzake wote wametekwa na Malkia Chrysalis, na kule kwenye mzinga wake uchawi wa pembe haufanyi kazi. Trixie alienda kuwaokoa hivyohivyo, akajitoa yeye kuwazuga adui ili Starlight asonge mbele.