Mbao ngumu nayo hufura jamani

Huku Lamu ukitaka sakafu ya mbao unaambiwa weka mvule au mbambakofi, ni mbao ngumu, haifuri. Si kweli! Ugumu unasaidia kwa mikwaruzo, lakini unyevu wa hewani unaingia tu na ubao unatanuka kwa upana (urefu haubadiliki sana), sasa fundi akizibana mpaka zigusane na ukuta, masika ikiingia sakafu inainuka katikati, ukipita pekupeku unaisikia kabisa. Mvule hutulia kuliko mbao nyingi, sawa, ila bado yataka nafasi ya kama sentimita moja kando ya kuta, skatingi (ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta) itaificha. Vanishi haizuii, inachelewesha tu. Na mbao zikifika zikae kwanza humo ndani ya nyumba siku kadhaa, fundi asiwaharakishe.